Mawe Meupe ya Korongoni

Juma lililopita jirani yangu alileta watu wa kupasua mawe. Anajenga, na mawe ya msingi yametoka mtoni, makubwa, bado yana unyevu. Nilikuwa barazani nachambua mchicha. Nyundo zililia kwa muda, kisha jiwe la kwanza likafunguka, na ikanijia harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utoto wangu. Jiwe bichi lina harufu yake, ya ubaridi na maji yaliyokaa mahali pasipo jua. Nikaacha mchicha, nikabaki nimekodoa macho. Kijana mmoja wa nyundo akaniuliza, "Shikamoo mama, vumbi linakusumbua?" Nikamwambia marahaba, endeleeni tu, halinisumbui kitu. Kisha nikaingia ndani nikalia, mtu mzima mimi, kwa ajili ya safari ya siku moja ambayo hatukuimaliza.

Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, mtanielewa bila maelezo marefu. Nyumbani kwa baba yangu kulikuwa chini, kwenye mteremko unaoutazama mji wa Morogoro. Kwao mama kulikuwa juu, ndani kabisa ya milima ya Uluguru, na kati ya huku na kule kulikuwa na korongo la mto. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mtu akifa anatakiwa alale kwenye udongo wa ukoo wa mama yake. Mke akizidiwa kwa mumewe, ndugu zake huja kumchukua wakamuuguze kwao. Akipona atarudi. Asipopona, angalau amefika.

Mama alikuwa anaumwa kifua. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua alikuwa amekonda, na nilijua pia sababu, maana niliwasikia wanawake kisimani wakisema kwamba mtu akikaa siku nyingi mbali na kwao, moyo humla mwili. Kwa akili yangu ya kitoto Mama alikuwa amekondeshwa na hamu ya kumwona mama yake, basi. Kikohozi nilikiona ni jambo lingine, kama mafua. Kwa hiyo siku Mjomba alipotokea uani, ameteremka kutoka juu kuja kumchukua dada yake, mimi niliruka kwa furaha. Nilijua akifika kwa Bibi atanenepa.

Mjomba alikuwa mtu wa mzaha sana, lakini siku ile hakumtania mtu. Alizungumza na Baba nje, mimi nikiwa nimejibanza mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kumchukua dada yangu."

"Mchukue," Baba alisema. "Nimefanya nilichoweza."

"Hatukulaumu. Ungekuwa mbaya tusingekuachia muda wote huu."

"Nitafute vijana wa kubeba machela?"

"Machela haipiti korongoni. Kuna mahali unapita ubavu, mgongo kwenye jiwe. Na tukizunguka kwa bondeni, hatafika."

 Baadaye Baba alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, akaniambia nisimwachie Mama mkono. Nikamwahidi kumletea ndizi za huko juu, zile fupi nene. Akasema, "Haya, mama." Hakuwa na mazoea ya kuniita hivyo, nikaona fahari tu.

Tuliondoka siku chache baadaye, alfajiri. Njia ilianza kwenye migomba ya watu, ikapita mashamba ya mihogo, halafu ikaushika mto na kuanza kupanda nao. Kadiri tulivyopanda ndivyo mawe yalivyozidi kutusogelea kutoka kulia na kushoto, mpaka mbingu ikabaki kipande chembamba juu yetu. Kuta zile za mwamba zilikuwa zinatoka jasho. Maji yalidondoka kwenye majani ya kangaga, yakateleza kwenye jiwe jeusi, yakaingia mtoni, na mto wenyewe ulipiga kelele hata tukalazimika kusogeleana ndipo tusikizane. Palikuwa na baridi nzuri. Palikuwa na harufu ile.

Sijawahi kutembea safari nzuri kama ile. Ninasema hivyo nikijua ninachokisema, na ndilo jambo linaloniuma kuliko yote. Mama alinishika mkono, na kila baada ya mwendo kidogo alisimama, akaegemea jiwe, akasema, "Ngoja nikuonyeshe." Alinionyesha migomba-mwitu iliyoota mahali ambapo hata mbuzi hafiki. Akanionyesha vijiua vya zambarau vilivyoshika kwenye ufa wa mwamba, vidogo kama kucha yangu, akasema haviwezi kuishi juani hata kidogo. Alinionyesha pimbi waliokuwa wanaota jua kwenye jiwe moja lililobahatika kupata jua. Tukiendelea kidogo, tena, "Ngoja nikuonyeshe," na mimi nikasimama kwa hamu, nikifuata kidole chake. Mama niliyemjua kule chini alikuwa mtu wa kazi, hana muda wa kuonyesha mtu maua. Nikaona nilivyodhani ni kweli. Ameanza kupona, na bado hatujafika hata nusu.

Juu ya miti iliyoinamia korongo kulikuwa na mbega, wamekaa kimya na mashuka yao meupe mabegani. Mzaha wa Mjomba ukamrudia. "Mnawaona wale wazee?" akasema. "Ni wa ukoo wa baba yako. Wamekuja kuhakikisha hatuwaibii mke wao." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akageukia ukutani kwa muda. Mjomba akaanza kunionyesha mbega mwingine, mdogo, ambaye mimi sikumwona.

Kulikuwa na maneno mengine ambayo Mama aliyasema na ambayo niliyabeba tu kama mtoto anavyobeba kila anachopewa. Tulipofika mahali njia inapogawanyika akasema, "Hapa usifuate ya chini ingawa ndiyo pana. Inaishia majini." Tulipofika kwenye ule upenyo mwembamba, Mjomba akamfunga kwa kitambaa kiunoni na kukishika mwisho wake, na Mama akaniambia, "Weka mgongo kwenye jiwe. Usitazame chini, tazama mkono wako. Siku ukija peke yako ufanye hivi hivi."

"Kwa nini nije peke yangu?"

"Utakuwa mkubwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nimeshafika," alisema. Mjomba alikivuta kile kitambaa taratibu akasema twende, jua linatuacha.

Baada ya upenyo ule korongo lilifunguka kidogo. Mbele yetu yalikuwapo maporomoko ya maji, na kando yake njia ya mawe ikipanda kama ngazi. Juu ya ngazi ile ndipo kwao. Upepo ulikuwa unashuka kutoka huko, ukatuletea sauti ya mchi kwenye kinu. Mtu alikuwa anatwanga. Mama alisimama wima, akainua kidole. Safari hii hakusema anionyeshe kitu.

"Ni mama yangu huyo," akasema. "Anatwanga kwa mapigo mawili mazito na moja jepesi. Hajaacha mpaka leo."

Mjomba alikwenda kando kujaza kibuyu. Mimi na Mama tukaenda pole pole hadi pale ngazi inapoanzia, na hapo njiani, katikati, palikuwa na rundo la mawe. Yalikuwa yamepangwa vizuri, makubwa chini, madogo juu, na juu yake yote yalikuwa meupe.

Kwetu mtu anapowaomba wazee waliotangulia, huweka mawe mahali pa njia au chini ya mti na kuyanyunyizia unga mweupe. Kila mtoto wa milimani anayajua mawe ya namna hiyo. Unapita kwa adabu, unaacha jani, unapiga makofi kidogo. Mama alipoyaona machozi yalimtoka.

"Mama ameshuka," alisema. "Tazama, mwanangu. Ametangulia kutuombea njia, akamwaga unga wote huu."

Akapiga magoti. Kwa mtu aliyekuwa hawezi kuinama kufunga mzigo, sijui alipataje nguvu. Alichuma majani akayaweka moja moja juu ya mawe, akapiga makofi ya kukunja viganja, akaanza kuwataja watu wake waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Aliwaomba wampokee. Aliwaomba wanitazame mimi. Aliomba polepole kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi, na kila alipokatika alianza upya, asije akamruka mtu. Mimi nilipitisha kidole kwenye jiwe, nikakilamba. Kikanichoma ulimi. Nikafikiri unga wa wazee ndivyo ulivyo, una dawa ndani yake.

Mjomba alirudi na kibuyu akasimama nyuma yetu. "Dada, mawe haya hayakuwepo nilipoteremka."

"Ndiyo. Mama ameyaweka."

Mjomba aliinama, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Uso wake ulibadilika. Ilikuwa chokaa. Akamshika Mama bega kumwinua, na kabla hajamwinua tukasikia mtu akipiga kelele kutoka kwenye ngazi, "Ondokeni hapo! Msiguse mpaka!"

Alikuwa askari wa msitu, kijana, nguo za kaki, bunduki begani. Kwa jinsi alivyosema Kiswahili alikuwa mtu wa pwani. Alishuka mbio, akayaona majani juu ya mawe, akayafagia kwa mkono kwa haraka kama mtu anayefuta kosa lake mwenyewe. Mama alibaki amepiga magoti anamtazama.

"Huu ni mpaka wa Serikali," alisema. "Kuanzia hapa kwenda juu msitu umehifadhiwa. Hapalimwi, hapakatwi mti, hapawindwi, hapapitwi. Jumbe wenu hakuwaambia?"

"Bwana, huko juu kuna watu," Mjomba alisema. "Ni kwetu. Husikii wanatwanga?"

"Nasikia. Na wao wameambiwa wafunge mizigo. Mzungu anasema watu wakikaa huko mto utakauka. Na wanyama hawatakaa kwa raha."

"Dada yangu ni mgonjwa. Hatutaki kulima wala kuwinda. Tunataka kumfikisha kwa mama yake tu."

Yule kijana akamtazama Mama vizuri kwa mara ya kwanza. Akavua kofia yake. "Pole, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Lakini siwezi. Mzungu mwenyewe yuko hapo juu, penye hema, anapima. Mwenzangu aliwapitisha warina asali, akalazwa chini akachapwa viboko hamsa ishirini. Mpaka leo analala kifudifudi."

"Basi nichape mimi," Mjomba alisema. "Nichape hizo hamsa ishirini hapa hapa, kisha apite."

"Ningekuwa na ruhusa ya kuchapa, ningekuwa na ruhusa ya kupitisha."

Mimi nikaona wakubwa wanazungusha jambo jepesi. "Basi mwiteni Bibi ashuke," nikasema.

Wakatazamana. Mjomba akaweka mikono mdomoni akaita. Aliita jina la mama yake, akaita tena. Maporomoko yalikuwa yanaunguruma karibu yetu, na upepo ule uliotuletea sauti ya mchi ulikuwa unaturudishia sauti yetu usoni. Nami nikaita. Halafu yule askari akatazama juu kuelekea kwenye hema, akaweka bunduki chini kwenye mawe, akaita na yeye, kwa nguvu zake zote, jina la mwanamke asiyemjua. Tuliita sote watatu. Mapigo mawili mazito na moja jepesi. Mchi haukukosa hata pigo moja.

Mama hakuita. Alikuwa ameegemea mawe yale meupe, amefumba macho, anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inafuatisha mapigo.

Wingu likashuka juu ya maporomoko. Mvua ikinyesha huko juu mto hujaa ghafla, na upenyo ule hufunikwa na maji. Mjomba alilijua hilo, askari naye alikuwa ameshalijua. Alisema zamu yake ikiisha jioni atampelekea Bibi habari, akaapa kwa Mungu. Mjomba akamwinua Mama, akamweka mgongoni, tukageuka.

Wakati wa kurudi Mama hakunionyesha chochote. Tulipita kwenye vile vijiua, tukapita kwenye mawe ya pimbi, yeye macho yake yametazama mgongo wa kaka yake tu. Nilidhani amenikasirikia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba ya mwanangu wa tatu, nilikuwa napanda mlima na binti yangu mdogo kwenda kuchuma mboga. Pumzi ilinikata. Sikutaka aone, asije akaogopa. Nikaegemea jiwe, nikatazama huku na huku nitafute cha kusema, nikasema, "Ngoja nikuonyeshe ndege." Maneno yaliponitoka nikaketi chini palepale njiani. Binti yangu alikuwa anatafuta ndege kwenye miti na mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Ndiyo ilikuwa habari ya msiba. Ilichelewa tu njiani.

Mama alikufa nyumbani kwa Baba, mchana, mvua inanyesha. Mjomba peke yake ndiye aliyekuwapo upande wa kwao. Watu wa ukoo wa Baba walimzika vizuri, siwezi kuwasema vibaya, walichimba wao na kulia wao. Lakini walilia kilio cha mkwe. Aliwekwa pembeni mwa makaburi yao, kama mgeni anavyopewa kiti karibu na mlango. Mjomba alikataa chakula chao, akaondoka kwa njia ya bondeni kwenda kumweleza mama yake. Walipishana njiani, yeye akienda na Bibi akija.

Siku hizi msitu ule unasifiwa. Naona wageni wakipita hapa mjini na fimbo zao na viatu vizito, wanakwenda kulitazama korongo, na wakirudi wanasema ni mahali pa ajabu, hapajaguswa na mkono wa mtu tangu dunia iumbwe. Mto bado una maji, ni kweli, na mimi nayanywa. Mbega nao wanasitawi. Nina uchungu hata na mbega, jambo la kijinga kabisa, lakini ndivyo nilivyo.

Bibi alikuja baada ya mvua kukatika. Alikuja kwa njia ndefu ya bondeni akiwa na fimbo na kikapu, miguu imevimba. Yule askari alikishika kiapo chake. Alimpelekea habari jioni ileile, na kulipokucha Bibi aliteremka ngazi hadi kwenye mawe akakuta majani yaliyonyauka yametapakaa chini, na mto umejaa, hakuna pa kupita. Akarudi. Kabla mto haujapungua, nyumba zao zikatiwa moto, kila mtu akatawanyika na alichoweza kubeba.

Alikwenda kwanza kaburini. Alikaa huko muda mrefu, halafu akaja, akaosha miguu, akanikalisha mbele yake.

"Alifika wapi?"

"Penye mawe meupe."

"Alinisikia?"

"Alisema ni wewe."

Bibi akaitazama mikono yake, akaigeuza. "Nilikuwa natwanga unga wa uji wake," akasema.

Kisha akamgeukia Baba, ambaye alikuwa amechuchumaa mlangoni kwa heshima kama inavyompasa mkwe. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haki yake: "Baba, nimekuja kumchukua mtoto wa ukoo wangu. Mama yake mmemweka ninyi, sina la kusema. Huyu ni wetu."

"Ni wenu," Baba alijibu. "Siwezi kukuzuia, mama."

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimekunja mkeka wangu, nimejitwika, nimesimama uani. Nilijua pa kupita. Nilijua usifuate ya chini ingawa ndiyo pana, nilijua kuweka mgongo kwenye jiwe na kutazama mkono. Ningeweza kumwongoza Bibi mwenyewe.

Baba akauliza taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anavyomuuliza msafiri: "Unampeleka wapi, mama?"

Bibi akafungua mdomo kutaja. Mimi nikangoja, mkeka kichwani, nimeutazama mdomo wake. Ulibaki wazi, kisha akaufunga.